Tumbaku Katika Sikio la Mbwa

Dodoma, 4 Mei 1911

Kwa mjomba wangu mpenzi Yotham, Mlali.

Shikamoo mjomba. Mimi mwanao Shabani ni mzima, nafanya kazi na nakula, na namwomba Mungu barua hii iwakute nanyi hivyo hivyo: wewe, mkaza mjomba Anyesi, na mama yangu, ambaye najua atakuwa wa kwanza kukuuliza imeandikwa nini. Mwambie goti lake silisahau. Mwambie pia kwamba posa yangu kwa Mzee Hassani, yule anayesomesha watoto Kurani, imepokelewa vizuri. Binti mwenyewe, Stara, nimemwona mara mbili kwa mbali, na mara zote mbili alikuwa anacheka. Sijui alikuwa anacheka nini.

Mji huu unakua. Tangu gari la moshi lifike, kila wiki kuna nyumba mpya na vumbi jipya.

Sasa nina swali, na si langu, ni la rafiki yangu. Rafiki huyo anamtunzia mbwa Mzungu mmoja wa reli, tunayemwita Bwana Miwani. Mbwa anaitwa Hekta, ametoka Ulaya, na masikio yake yananing'inia mpaka chini ya taya. Bwana Miwani amekwenda mbele, upande wa Tabora, wanakolaza reli, na atarudi katikati ya Agosti. Siku ya kuondoka alimwonyesha rafiki yangu mbwa, kisha akamwonyesha kiboko kilichoning'inia ukutani. Hapa kila mtu anajua hamsa ishirini, vile viboko ishirini na vitano vya bomani, ni nini.

Kwa wiki mbili sasa Hekta anatikisa kichwa bila kupumzika. Anajikuna sikio kwa mguu wa nyuma mpaka analia, na akisha kulia anaendelea kujikuna. Ukimkaribia kuna harufu mbaya. Rafiki yangu hajui aanzie wapi. Wewe umefuga mbwa tangu sijazaliwa, na nakumbuka nilipokuwa mdogo hapo kwako ulikuwa ukiwatia maji ya tumbaku masikioni ili kupe watoke. Je, naye amtie?

Wasalimie wote, hata ng'ombe.

Mpwa wako,
Shabani bin Mrisho


Mlali, 27 Mei 1911

Mpwa wangu Shabani,

Mbukwa! Ndivyo tunavyosalimiana huku kwetu, kama mji haujakusahaulisha. Barua yako imechelewa kwa sababu Sostenes, anayetuletea barua kutoka stesheni ya Gulwe, alipita kwa wakwe zake akakaa siku tisa. Ni mwendo wa siku mbili tu. Lakini wakwe zake walikuwa wamepika pombe, na mimi nimekwisha kusamehe.

Sisi ni wazima. Uwele umeiva vizuri, mtama nusu umeliwa na ndege. Mama yako goti linamsumbua asubuhi, ila aliposikia habari ya Stara alisimama bila kushika ukuta. Anauliza kama binti anajua kupika ugali wa uwele. Mkaza mjomba wako anasema hilo si swali la kumwuliza binti wa mjini.

Tuje kwa huyo rafiki yako. Mwambie hivi. Asubuhi, mbwa akiwa ametulia, akae chini naye kwanza, amshike shingo, ampapase. Kisha ainue sikio moja atazame ndani, halafu la pili, ayalinganishe. Sikio zima ndani lina rangi ya ngozi ya mtoto mchanga na halinuki kitu. Likiwa jekundu, lina joto, lina uchafu mweusi au usaha wa manjano, hapo pana ugonjwa. Anuse. Pua haidanganyi. Atafute kupe, hasa kwenye mikunjo, awatoe kwa vidole taratibu bila kuwapasua. Atafute pia mbegu za nyasi. Msimu huu nyasi zimekauka, na zile mbegu zenye ncha kama mkuki zikiingia hazirudi nyuma, huenda mbele tu.

Kisha achemshe maji, atie chumvi kidogo, yapoe mpaka yawe vuguvugu. Achovye kitambaa safi, akizungushe kwenye kidole, apanguse mpaka pale kidole kinapofika, basi. Asitumie kijiti. Asisukume. Kisha akaushe vizuri, na yale masikio marefu ayafunge juu ya kichwa kwa kitambaa, muda wa saa moja asubuhi na saa moja jioni, yapate hewa. Mbwa wetu masikio yao yamesimama, upepo unawafanyia kazi hiyo. Tena asimwache atikise kichwa siku nzima, maana sikio hujaa damu likavimba kama kiriba.

Tumbaku asimtie. Wala ya maji, wala ya unga, wala tone moja. Na usiniulize kwa nini.

Msalimu huyo rafiki yako. Mwambie naona mwandiko wake unafanana sana na wako.

Mjomba wako,
Yotham


Dodoma, 20 Juni 1911

Mjomba wangu, shikamoo.

Umenikamata. Hakuna rafiki. Mtunza mbwa ni mimi, mwezi wa saba sasa, na nilificha kwa sababu ya Mzee Hassani. Unajua kwetu Waislamu mate ya mbwa ni najisi. Kila jioni kabla ya sala nakwenda nyuma ya banda, najiosha mikono mara saba, mara moja kwa udongo, mpaka ngozi inapauka. Mzee Hassani anajua tu kwamba nafanya kazi nyumbani kwa Mzungu. Nilipopeleka posa aliniuliza kazi gani, nikasema natunza mali. Stara akijua, sidhani kama atacheka.

Nafurahi goti la mama. Mwambie binti anajua ugali wa mtama, wa uwele atajifunza.

Nimefanya yote uliyosema. Sikio la kulia nilitoa kupe wanne, nikaosha, na baada ya siku sita likapona kabisa. La kushoto limekataa. Linatoa uchafu mweusi kama machicha ya kahawa, na nikigusa chini ya sikio analia kama mtu. Nadhani kuna kitu ndani sana, kidole hakifiki. Analala ameegemeza upande huo sakafuni, na nikiingia ananitazama ananiomba. Sikujua mbwa anaweza kuomba. Nakwambia wewe tu: nampenda mnyama huyu, na naona aibu kumpenda.

Wote hapa wananiambia tumbaku. Muuza ugoro sokoni, mchunga mbuzi wa akida, hata askari mmoja. Wewe tu unasema hapana, na husemi kwa nini. Nisamehe mjomba, lakini nakumbuka vizuri. Mwaka ule baba aliponipeleka Mpwapwa, ulikuwa unamtia Siogopi, mbwa wangu, tumbaku sikioni, na mimi ndiye niliyemshika miguu. Niliporudi baada ya mwezi mmoja ukaniambia chui amemchukua. Nililia wiki nzima. Kama tumbaku ilimfaa Siogopi, kwa nini isimfae Hekta? Naomba unieleze, nikielewa nitatii.

Shabani


Mlali, 10 Julai 1911

Shabani,

Tumepokea barua. Mama yako ni mzima, Anyesi ni mzima, mimi nina kikohozi kidogo cha vumbi. Tumeezeka upya upande wa mashariki wa tembe. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Mwalimu wa misheni amekwenda Mvumi, kwa hiyo Jumapili nasoma mimi, na wazee wanasinzia vilevile walivyosinzia kwake.

Kuhusu tumbaku nimekwisha sema. Mimi ni mjomba wako. Zamani mtoto aliambiwa jambo na mjomba wake likatosha. Endelea na maji ya chumvi.

Yotham


Dodoma, 29 Julai 1911, Jumamosi

Mjomba,

Nimeharibu. Nimengoja barua yako, imefika, na ndani yake nimekuta habari za kuezeka. Hekta alikuwa hataki tena kula. Jumatano nilinunua tumbaku, nikailoweka kwenye maji ya moto, nikamtia sikio la kushoto lote. Alipiga ukelele ambao sijapata kuusikia. Asubuhi ya Alhamisi nilimkuta anazunguka. Anazunguka upande wa kushoto tu, kichwa kimelala upande huo huo, anaanguka, anainuka, anazunguka tena. Macho yanachezacheza. Anatapika.

Majirani wamekimbiza watoto wao. Wanasema ni kichaa cha mbwa. Askari wa boma amekuja, amemtazama kwa mbali, amesema Jumatatu ya tarehe 7 Agosti atakuja kumpiga risasi, kwa sasa ameitwa kwenye baraza la Kilimatinde. Nimemfungia bandani na siingii. Naogopa kuumwa. Mwaka jana nilimwona mtu aliyeumwa na mbwa wa kichaa, na sitaki kufa vile. Lakini naogopa pia kwamba si kichaa, kwamba ni mimi. Kama ni mimi, basi anauawa kwa kosa langu, na Bwana Miwani akirudi atanikuta na ngozi ya mbwa wake.

Barua hii nampa fundi wa gari la moshi aiteremshe Gulwe kesho. Nimemwagiza amwambie Sostenes asipite kwa wakwe. Kama unajua kitu, mjomba, kiseme sasa.

Shabani


Stesheni ya Gulwe, 4 Agosti 1911

Shabani mwanangu,

Sostenes alifika juzi akikimbia. Nimekuja mwenyewe hadi hapa kwa miguu ili barua isilale njiani. Gari la leo ni la mawe na vyuma, wamekataa kunipakia, lakini fundi amekubali kuchukua karatasi. Naandikia juu ya goti.

Mbwa wako hana kichaa. Siwezi kuapa, maana sijamwona, lakini sikiliza. Mwenye kichaa hubadilika tabia, hamjui bwana wake, hukimbia ovyo, huuma mti na jiwe, mate humtoka, na maji hushindwa kumeza. Mwenye sikio huzunguka upande mmoja tu, upande wa sikio baya, na kichwa hulala huko huko. Anakujua. Ukimsogezea maji kwa mti mrefu, atakunywa japo anaanguka. Usimguse mdomo. Mfunge kamba imara, mpe maji na chakula kwa mbali, hesabu siku kumi. Mwenye kichaa hafiki siku ya kumi. Akifika, ni sikio. Na sikio usilitie kitu tena, hata maji, maana huenda ile ngozi nyembamba ya ndani imetoboka, na kila utakachomwaga kitaingia kichwani.

Sasa nikwambie najuaje.

Chui hakumchukua Siogopi. Ulipoondoka na baba yako, niliendelea kumtia tumbaku, kama baba yangu alivyofanya na kama kila mtu alivyofanya. Siku ya tatu alianza kuzunguka. Jirani wakasema kichaa, na mimi nina watoto na ng'ombe. Nikachukua rungu. Aliponiona akajaribu kuja, akaanguka, akaja tena, akaniramba mkono. Asubuhi ile ile alikuwa amekunywa maji kwenye kibuyu, na mimi niliona, Shabani, niliona anakunywa, na nilijua mwenye kichaa hanywi. Lakini watu walikuwa wamesimama wananitazama. Nikampiga.

Baadaye, nilipokuwa namvuta kwenda kumzika, niliinua sikio nikakuta mbegu ya nyasi imejichimbia ndani kabisa. Mbegu moja. Ulipofika nyumbani ukaita jina lake kabla hujanisalimu, na neno la chui likanitoka lenyewe.

Nimeisoma Injili miaka saba na hilo sijalisema. Ulipouliza kwa nini, ningesema, Hekta angekuwa mzima leo. Nimekosa mara mbili kwa ukimya mmoja. Fundi anapiga filimbi.

Yotham


Dodoma, 2 Septemba 1911

Mjomba, shikamoo.

Sisi huku wazima. Nafikisha salamu za Mzee Hassani, utaona kwa nini.

Barua yako ilifika Jumapili mchana. Niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Kisha nikaingia bandani na bakuli nimelifunga kwenye ncha ya mti. Hekta akaja akizunguka, akaanguka ndani ya bakuli, akanywa. Jumatatu askari alipokuja na bunduki, nilimwonyesha. Akanywa tena mbele yake. Nikamwambia, "Afande, nipe siku kumi, na nikikosea nipige mimi kwanza." Akacheka, akanipa. Siku ya kumi Hekta alisimama bila kuanguka. Siku ya kumi na mbili, alipotikisa kichwa, kitu kilidondoka na usaha. Ilikuwa mbegu ya nyasi, ndogo kuliko ukucha wangu.

Kichwa kimebaki kimelala, na sikio lile halisikii tena.

Bwana Miwani alirudi tarehe 19. Akauliza mbwa amepatwa na nini. Nilikuwa na majibu mawili tayari: kupe, au kuanguka ngazini. Nikafikiria barua yako. Nikasema, nilimtia tumbaku, ni mimi. Nilipigwa hamsa ishirini bomani, na sitaki kuieleza, ila mwambie mama nimepona na asianze safari ya kuja.

Mzee Hassani ndiye aliyekuja kunipaka samli mgongoni. Akauliza kosa langu lilikuwa nini. Nikamwambia lote: mbwa, banda, sikio. Akamaliza kupaka. Kisha akauliza, "Ulikuwa unajiosha?" Nikasema mara saba, moja kwa udongo. Akasema, "Basi," akanawa mikono yake, akaenda zake. Harusi ni mwezi wa Novemba.

Kuhusu Siogopi. Mjomba, nimekasirika. Nilidhani nitaandika kwamba yamekwisha, lakini hayajaisha. Nilikuwa mtoto, na kwa miaka mingi nilimchukia chui ambaye hajafanya kitu. Wakati huo huo najua kwamba bila barua ya Gulwe nami ningesimama pale nikitazama watu wakinitazama.

Bwana Miwani hataki mbwa wa kichwa upande. Nimemwomba, amenipa. Kwa Mzee Hassani siwezi kumpeleka, heshima ina mipaka. Nakuletea wewe. Atashuka Gulwe na gari la tarehe 9, Sostenes ampokee, amshike upande wa kulia ndiko anakosikia.

Sikuombi uniahidi ataishi. Nakuomba hili moja: siku akifa, niandikie amekufaje.

Shabani


Mlali, 16 Machi 1913

Mpwa wangu Shabani,

Mbukwa. Tupo. Mvua imenyesha mpaka mto umevunja ukingo, na uwele umefika kifuani. Mama yako anamwimbia mjukuu asiyemwona, anataka aletwe kabla hajaota meno yote. Anyesi ni mzima na anamsalimu Stara.

Hekta amekufa. Amekaa nami mwaka mmoja na nusu. Kila jioni baada ya kukamua nilikaa naye, nikainua sikio la kulia, nikainua la kushoto, nikanusa. Majirani walikuwa wanakuja kunicheka, halafu wakaanza kuja na mbwa wao. Siku hizi hapa Mlali hakuna anayetia tumbaku. Wakiuliza kwa nini, nawaeleza habari ya Siogopi yote, na ya rungu pia.

Sasa nikueleze alivyokufa. Juzi alfajiri alikuwa amelala mlangoni pa zizi la ndama, ameegemea sikio zima, la kulia. Nadhani hakusikia. Nilitoka kwa kelele za ndama nikakuta damu na alama zinazoelekea korongoni. Tulifuata mimi na Sostenes, tukapata ukanda wake wa shingo na kidogo kilichobaki. Zilikuwa nyayo za chui.

Najua utakavyosoma neno hilo likitoka mkononi mwangu. Anyesi ameniambia niandike nyoka, nyoka utaamini. Karatasi hii ni ya pili, ya kwanza niliandika nyoka nikaichoma. Sina cha kukuonyesha isipokuwa ukanda wenye alama za meno, na meno hayasemi ni ya nani. Sikumtaka Sostenes anitolee ushahidi. Uliniomba nikwambie amekufaje, na amekufa hivyo.

Nimemzika kando ya Siogopi.

Yotham


Dodoma, 8 Aprili 1913

Mjomba, shikamoo.

Nimekuamini. Ungeandika nyoka ningeanza kujiuliza.

Tutashuka Gulwe tarehe 20, mimi, Stara na mtoto. Mwambie mama apike ugali wa uwele, Stara ajifunze kwake. Nawe usikae ndani kutungoja. Ningependa, kabla hata ya kula, unipeleke ulipowazika, unionyeshe nani yuko wapi.

Mwanao,
Shabani